Wageni wa anga wasicheke

SWALI: Naandika hadithi ya kuchekesha kuhusu viumbe wa sayari nyingine wanaokutana na binadamu. Nimewapa macho sita na sauti za ajabu, lakini dada yangu hakucheka hata kidogo. Nimekosea wapi?

JIBU: Kichekesho ni sisi, ndugu yangu, si wao. Wageni wawe makini kabisa, kama wapelelezi wanaoandika ripoti: "Kila usiku kiumbe huyu hujilaza, huzimika kwa muda wa saa nane, na hakuna anayeita msaada."

Mimi napenda sana mkasa wa vyombo vya anga vya Voyager. Mwaka 1977 binadamu walirusha angani santuri iliyopakwa dhahabu, yenye salamu kwa lugha 55. Sasa fikiria imepokelewa na viumbe wasio na masikio! Wanaigeuzageuza, wanailamba, wanabishana kama ni chakula. Anzia hapo. Macho mawili yanawatosha.