Alama ya Kiti Mwendo Si Choo

Wiki iliyopita dada mmoja wa Birmingham alinitumia sauti ya dakika saba kwenye WhatsApp. Dakika nne za mwanzo zilikuwa salamu, na kunipa pole ya msiba wa mtu ambaye mpaka sasa sijamkumbuka. Mwishoni ndipo akatoa lake. Ameona picha zetu za mji wa York: mume wangu, Baba Salma, kwenye kiti mwendo kando ya mto, mbwa miguuni pake, mji ule pale nyuma. Na yeye mumewe yuko kwenye kiti, wameachiwa mbwa na binti yao aliyekwenda chuo, na wamenunua motahomu ya mtumba, yaani gari la kulala linaloegeshwa kambini. "Dada, nyie mnalalaje mjini? Sisi kila tukitafuta kambi tunapelekwa porini."

Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana swali hilo limenila miaka mitatu. Nalijibu hapa mara moja, na nyie wengine mnaoniuliza chinichini mchukue humuhumu.

Kwa wageni: Baba Salma alipata kiharusi 2019, upande wa kushoto. Huyu ni mtu aliyeendesha malori Tanga hadi Arusha, kisha mabasi hapa Leicester miaka kumi na sita. Barabara ilikuwa kazi yake na starehe yake. Alipotoka hospitali alikaa dirishani anahesabu mabasi yanayopita, anajua hata lipi limechelewa. Miezi hiyo nairuka. Nilipouza kiwanja changu cha Pongwe ili tununue gari la kulala, shemeji yangu aliniambia kwenye simu, spika ikiwa wazi na watu wamekaa: "Mgonjwa anapelekwa hospitali, hapelekwi kambini." Neno hilo bado liko hapa kooni. Na najua unasoma, shemeji.

Mbwa alikuwa wa jirani yetu, bibi wa Kiingereza aliyehamia nyumba ya wazee wasikopokea wanyama. Anaitwa Poppy. Baba Salma anamwita Popo, na masikio anayo ya kufanana na jina. Mimi nimekulia Tanga, kwetu mbwa kazi yake ni kubweka nje ya geti, sikuwahi kuwaza nitamlaza kwenye gari ninalopikia. Lakini ule mkono wa kushoto uliogoma mpira wa mazoezi, uliogoma kila kitu, unafunguka kidogo ukimkuna Popo nyuma ya sikio. Nikaona basi, na alale.

Safari ya kwanza ilikuwa Juni, kambi ya shambani ambayo sitaitaja. Kwenye tovuti yao palikuwa na alama ya kiti mwendo, alama ya mbwa, na maneno "mjini maili moja". Nikaona vyote vitatu tumepata. Tulifika saa mbili usiku, jua bado lipo kama kawaida ya Juni ya huku, mvua imetoka kukatika. Choo cha walemavu kilikuwepo kweli. Nilipofungua mlango nikakuta mashine ya kukatia nyasi, ndoo mbili za kudekia, na viti vya plastiki vimepandanishwa mpaka kwenye reli ya kushikia.

Hata kukifikia hicho choo ilikuwa mita kama arobaini za kokoto. Aliyewahi kupitisha kiti kwenye kokoto anajua: magurudumu ya mbele yanazama, ya nyuma yanachimba. Na chetu ni cha umeme, kizito kukisukuma kwa mkono. Kilinasa katikati. Vijana wanne wakatoka kwenye mahema yao, watoto wazuri, wakamnyanyua Baba Salma na kiti chake, kona nne, bega kwa bega, kama jeneza. Yeye ni mtu wa maneno mengi. Usiku ule hakusema hata moja. Alijisaidia kwenye chupa, akageukia ukutani.

Asubuhi msimamizi aliniambia kwa upole kabisa kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Nani alalamike? Wenye viti walishageuza magari getini.

Basi hapo ndipo nilipojifunza kwamba alama ya kiti mwendo si choo. Ni picha tu. Piga simu. Na ukipiga usiulize kama panafikika, maana Waingereza wana adabu, watakujibu ndiyo kwa kila kitu. Uliza namba. Mlango ukiwa wazi una sentimita ngapi? Mimi chini ya 80 siendi. Ndani kuna mita moja na nusu ya kuzungushia kiti? Kuna rampu, na inapandaje? Mwongozo wa kanuni za ujenzi za England unataka isizidi 1 kwa 12, yaani ukipanda sentimita 10 rampu iwe na urefu wa sentimita 120, lakini shambani mtu anaegemeza ubao mlangoni na kuuita rampu. Halafu swali wasilolizoea: ukiwa umekaa chooni, nafasi ya kuegesha kiti iko upande gani? Mwenye kiharusi anahama kwa upande ulio mzima. Choo kinachomfaa mwenye mkono wa kulia kinaweza kuwa bure kwa mwenye wa kushoto, na alama iliyobandikwa mlangoni ni ileile.

Mwisho mwombe akupigie picha akiwa amesimama mlangoni, leo hii, si ya kwenye brosha. Asiyeweza kutembea hatua thelathini kukupigia picha hatakuja ukinasa.

Safari ya pili nilijiona mjanja. Vipimo nilivipata, bafu lilikuwa safi kuliko la nyumbani kwangu, njia ya lami kutoka garini mpaka mlangoni. Shida ikawa Popo. Sheria ya kambi, na kambi nyingi wanayo, ni kwamba mbwa asiachwe peke yake garini. Sheria nzuri, maana gari likipigwa na jua linageuka tanuri. Lakini mimi ndiye ninayemwogesha Baba Salma. Tunaingia wawili, dakika arobaini. Popo abaki na nani? Bafuni wanaingia mbwa wasaidizi tu, wale waliofunzwa ambao hata Sheria ya Usawa ya 2010 inawatambua, na Popo ukimwambia kaa anakwenda zake. Siku tatu nilimwogesha mume wangu kwa beseni ndani ya gari, bafu lile zuri nikiliona dirishani.

Na njia yao ya kutembezea mbwa? Ilianzia kwenye kile kingazi cha mbao cha kurukia uzio ambacho Waingereza wanakipenda sana, ng'ambo yake kondoo. Sasa kwetu anayemtembeza Popo si mimi. Ni Baba Salma. Kamba inafungwa kwenye mkono wa kiti, wanaondoka wawili, ndiyo saa yake ya kuwa peke yake bila mimi kumuuliza kama amekunywa dawa. Siku ile alibaki upande huu wa uzio, mimi nikapanda kile kingazi na mbwa. Nilipogeuka nyuma alikuwa anatupungia mkono. Sikufika hata katikati ya shamba, nikarudi.

Wenye kambi hawakudanganya. Watu wa viti walipokelewa, watu wa mbwa walipokelewa. Hawakuwahi kuwaza kwamba anaweza kuwa mtu mmoja. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwenye simu ni hili: "Mume wangu ndiye anayetembeza mbwa, akiwa kwenye kiti. Apite wapi?" Kimya kinachofuata kinanieleza karibu kila kitu. La pili: naweza kupewa nafasi yenye kivuli, karibu kabisa na bafu, na je, mtaniruhusu mbwa akae nusu saa garini saa kumi na mbili asubuhi kukiwa bado baridi? Nikiomba hivyo, kwa saa na dakika, wengi hukubali. Piga simu, narudia. Barua pepe wanajibu kwa kunakili tovuti.

Ndugu zangu, sasa niseme. Tunawafungia watu wetu ndani tukiita huruma. Tunawaletea uji, tunawafungulia televisheni, tunawaambia pumzika. Mtu aliyevuka Segera usiku na tani ishirini nyuma yake unamwambia apumzike mpaka lini? Kila safari niliyoharibu, Baba Salma ndiye aliyesema twende tena, mimi ndiye niliyekuwa nalia jikoni. Shemeji, ungemwuliza mwenyewe.

Turudi kwenye mji, maana ndilo swali. Ile "maili moja" ya kambi ya kwanza ilikuwa kweli, nimeipima. Ilikuwa maili moja ya barabara isiyo na njia ya miguu, uzio wa miiba huku na huku, na magari yanaruhusiwa maili 60 kwa saa. Kwa kiti mwendo hiyo si maili moja, hiyo ni hakuna. Kabla ya kulipia, fungua picha za barabarani za Google, anzia geti la kambi, tembea kwa kidole mpaka sokoni. Njia ya miguu ikiisha, na wewe safari yako imeishia hapo. Kama ni ya basi, angalia kituo: kiko kwenye sakafu ya zege au kwenye nyasi? Rampu ya basi haishuki kwenye tope. Na Jumapili lipo? Tena nafasi ya kiti ndani ya basi ikikaliwa na kigari cha mtoto, usione haya. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilishasema mwaka 2017, katika kesi ya Doug Paulley, naye mtu wa kiti mwendo, kwamba haitoshi dereva kuomba tu kisha akanyamaza. Asiyetaka kusogea bila sababu ashinikizwe. Baba Salma analijua hilo kwa pande zote mbili, amewahi kuwa dereva huyo.

York tulikata nafasi Januari kwa ajili ya Mei, maana inajaa upesi. Kambi ni ya Caravan and Motorhome Club, chama cha wenye magari ya kulala, kando ya mto Ouse, imepakana na Rowntree Park, bustani ambayo kiwanda cha chokoleti cha Rowntree kiliitoa kwa mji mwaka 1921 kuwakumbuka wafanyakazi wake waliokufa kwenye Vita vya Kwanza. Kutoka getini mpaka katikati ya mji ni kama robo saa, tambarare, kando ya maji. Jioni ya kwanza Baba Salma na Popo waliondoka bila mimi. Wakapita bustanini, wakavuka Millennium Bridge, daraja la waenda kwa miguu na baiskeli tangu 2001, wakaenda ng'ambo, wakarudi. Saa nzima. Nilikaa mlangoni mwa gari na chai inapoa, kila dakika nataka kupiga simu, sikupiga. Aliporudi akaniambia kwamba kuna kijana ameanguka na baiskeli kwa kumshangaa Popo, na hadithi hiyo nimeisikia mara kumi na moja sasa.

Si kila kitu kilikuwa asali. Kile kichochoro maarufu cha Shambles kina mawe; kwenye kiti meno yanagongana, na katikati ya siku watu wamejaa huoni hata mlango wa duka. Ukuta wa kale wa mji ni ngazi, usihangaike. Na Ouse hupenda kufurika, kambi iko bondeni, kwa hiyo wakati wa mvua nyingi uliza kwanza. Kwa simu.

Najua wa Ufaransa na Ujerumani mtaniandikia kwamba huko kwenu kuna aire na Stellplatz, unaegesha hatua mbili kutoka mjini kwa bei ya soda. Kweli. Lakini nyingi ni maegesho yenye bomba la maji na pa kumwagia maji machafu, bafu hakuna, na bafu la gari letu haliingii kiti. Na tangu Januari 2021 Popo akitoka Uingereza kuingia Ulaya anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti cha daktari wa mifugo kisichozidi siku 10, na kurudi sharti apewe dawa ya minyoo kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Tunajipanga.

Dada wa Birmingham, mambo mawili ya haraka. Kama leseni yako ya gari ni ya mtihani wa Januari 1997 au baadaye, kama yangu, mwisho wako kwa gari la dizeli au petroli ni kilo 3,500 likiwa limejaa, na lifti ya kiti, kiti chenyewe, maji na mchele wako vyote vinahesabiwa. Lipeleke mizani. Usingoje askari akupungie, nenda mwenyewe.

La pili ni ufunguo wa Radar, ule unaofungua vyoo vingi vya walemavu nchi nzima tangu 1981. Agiza miwili, na usiufunge kwenye kamba ya mbwa anayependa kuogelea. Wetu wa kwanza uko chini ya Ouse.