Muulize Fundi: kadi gani ya video (GPU) ya kuediti harusi bila kuuza dhahabu?

Asalam aleikum fundi. Mimi niko Langoni, Lamu, naediti video za harusi nyumbani, hasa za kupamba manake zile wenyewe hawataki zionwe na mwanamume yoyote wala zipelekwe studio Mombasa, basi zaja kwangu. Kompyuta ni Dell ya ofisi ile nyembamba, eks-UK, i5 ya kizazi cha saba, ram 8, na hard disk ya kawaida. Natumia DaVinci ya bure, ile programu ya kuediti. Klipu za 4K za simu zakwamakwama, nikitia rangi na maandishi yaniambia memori ya GPU imejaa. Kijana wa duka Mombasa asema nichukue kadi ya AMD, RX 6400, ati yaingia kesi ndogo na haili stima. Nina elfu 25 za mchezo, zile za kuchangiana. Nifanyeje?
*Mama Muediti, Langoni*

Waaleikum salam dadangu. Kijana hajakudanganya kuhusu kesi wala stima, RX 6400 ni fupi, nyembamba na inakula wati 53 tu. Alichonyamaza, au pengine hakijui, wauzaji wengi wanajua kadi kwa magemu, ni kwamba AMD walipoitoa 2022 hawakuitia kile kipande cha kukunja video kuwa H.264 ama H.265, zile fomati za kawaida za faili za video. Yani ukifika kwenye kurenda, kutoa ile video ya mwisho, hata ukihamia programu nyingine, kadi haikusaidii kuandika faili, prosesa yako ya zamani ndo inabeba mzigo wote. Na tena inapita njia 4 tu za PCIe (ile sloti kadi inapochomekwa), imepangiwa mashine za PCIe 4, yako ni ya PCIe 3, kwa hivo ile njia inabaki nusu. Kwa gemu mtu anavumilia. Kwa kazi yako, achana nayo.

Sasa kabla hatujafika kwa kadi, hiyo elfu 25 usiitie yote huko. Ram 8 kwa DaVinci ni mateso, Blackmagic wenyewe wanaoitengeneza wanasema 16 kwa uchache, na yako ni ya aina ya DDR4 inayopatikana mtumba kila mahali. Halafu SSD, ile diski ya kasi, hata ndogo, uweke Windows na klipu za harusi unayoiediti wiki hiyo, zile zilizokwisha zirudi kwenye hard disk. Nakwambia nusu ya kule kukwama kutaisha hapo hapo. Kinachobaki ndo cha kadi.

Na kadi, kwako wewe, haichaguliwi na bei, inachaguliwa na lile boksi. Fungua kifuniko, angalia kibandiko cha pawa saplai, hizi Dell nyembamba nyingi zina wati 180 hadi 255 na hakuna ule waya wa ziada wa kulisha kadi, wala huwezi kununua saplai yoyote ukaitia manake plagi za Dell ni zake mwenyewe. Kwa hivo unatafuta kadi inayokula stima ya kwenye sloti peke yake, na sloti inatoa wati 75 basi. Pia iwe ile fupi, lo-profaili, na muuzaji akupe lile bati fupi la nyuma (wengi wanalipoteza, halafu kadi inaning'inia humo ndani bila skrubu, ukiisukuma kebo kidogo tu skrini yazima). Chukua rula upime pia upana, kadi nyingi fupi ni nene za sloti mbili na kwenye Dell zingine zinagonga saplai.

Ukishapima, chaguo zinabaki chache mno. Kama mchezo utazunguka tena ukapata nyongeza, chukua RTX 3050 ya Nvidia, ile ya 6GB iliyotoka 2024, inakula wati 70, haitaki waya, na lo-profaili zake zipo. Lakini fungua macho: kuna RTX 3050 ya 8GB, jina ni lile lile, hiyo inataka wati 130 na waya, haikufai. Ukiambiwa "hii ni kubwa zaidi na bei ni moja" kataa. Kama pesa ni hizo hizo, GTX 1650 ya 4GB lo-profaili mtumba, isiyo na tundu la waya. Kuna 1650 zenye tundu na zisizo nalo, mwambie akutumie picha ya kadi kwa juu kabla hujalipa, manake ikishavuka Mokowe kwa boti kuirudisha ni shughuli. GTX 1050 Ti nayo inaingia, lakini tangu mwisho wa 2025 Nvidia hawaitolei tena draiva (programu ya kuendeshea kadi) mpya za kawaida, za usalama tu, mimi ningeikwepa.

Memori 4GB kwa 4K itajaa tu ukizidisha mapambo, usinilaumu. Weka taimlaini 1080 ukiwa unaediti, tengeneza proksi, nakala nyepesi za klipu, usiku umelala, nani anaangalia kupamba kwa 4K kwenye WhatsApp? Na DaVinci ya bure inabana baadhi ya misaada ya kadi kwenye kufungua faili za H.264 na H.265, msaada kamili uko kwenye toleo la kulipia, DaVinci Studio, la dola 295, ila rangi na ifekti zinatumia kadi hata kwenye ya bure. Ukija kukodi kamera badala ya simu, mwambie mpigaji asirekodi 10-bit 4:2:2 (mpangilio wa kamera wa kuhifadhi rangi nyingi zaidi), kadi za Nvidia kabla ya RTX 50 za 2025 haziifungui.

Fundi, nimenunua GTX 1050 Ti mtandaoni rahisi sana, draiva ya Nvidia inakataa kuingia, ile ya kwenye CD yao ndo inakubali. Ina HDMI na VGA.
*Kijana wa Shella, Malindi*

Mdogo wangu, hiyo VGA ndo inayonitia wasiwasi, chipu za 1050 Ti zenyewe hazitoi VGA. Kuna kadi kuukuu kama GTS 450 za 2010 zinabadilishwa jina ndani zikauzwa hivo. Shusha GPU-Z, programu ya bure ya kukagua kadi, ikiandika FAKE mbele ya jina piga picha ya skrini na ya kadi yenyewe, udai pesa yako leo, na ile CD usiiingize tena kwenye mashine.