Usiutupe mfumo wa zamani kabla hujauchambua

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Kaka, ofisini kwetu mifumo ni ya zamani na haisomani. Mkuu anataka tuitupe yote, tuanze upya. Unanishauri nini?"

Nakujibu hapa hapa, maana sote tuliomo kwenye vitengo vya TEHAMA serikalini tunataka kuacha kazi itakayodumu.

Kwetu Unguja, mfumo wa leseni, wa malipo na wa malalamiko kila mmoja ulitafuta majina kwa njia yake. Mzee anatoka Makunduchi na kitambulisho kilichoandikwa Khamis, risiti inasema Hamis, na dirishani anaambiwa hayumo. Anapanda gari kurudi mikono mitupu. Mfumo wa leseni ndio mkongwe kuliko yote, umeandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kuandikia programu, na aliyeuandika keshastaafu. Wenzangu waliudharau. Lakini ndani yake nilikuta kipande kinachojua kwamba Khamis na Hamis huenda ni mtu mmoja, Abdalla na Abdallah vilevile, kikamletea karani majina yote achague kwa tarehe ya kuzaliwa na shehia. Yule bwana alikuwa amewasikiliza watu wa dirishani, akayatia kwenye programu.

Nikakitoa. Nikakitenganisha na skrini na majedwali ya leseni, nikakiandikia mifano ya majaribio, nikakiweka kwenye seva ili mfumo wowote ukiulize. Kazi yenyewe ni ya kuchosha, siisimulii. Kwenye kikao nikaambiwa hicho ni kitu cha kale, mzabuni analeta kipya. Kipya kikaja, na Khamis hakimjui. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu aliyeendelea kurudishwa ni yule yule mzee.

Mwezi huu hatimaye mfumo wa malipo umeunganishwa na kipande kile. Nimefurahi mno, sifichi.

Basi ndugu yangu, chambua kwanza. Wazo la kutumia tena kipande kilichopo si geni: mwaka 1968, kwenye mkutano wa Garmisch, Ujerumani, mtaalamu wa kompyuta Doug McIlroy alitaka programu zijengwe kwa vipande vilivyo tayari. Ila kunakili faili huku ukalibandika kule siko kutumia tena. Ukirekebisha kosa huku, kule linabaki. Kipande kiwe kimoja, kiwe na mtu anayekisimamia, na masharti yake yaandikwe. Hili la masharti watu hulipuuza sana. Roketi ya Ariane 5 ilirithi programu ya Ariane 4, iliyokuwa ikifanya kazi vizuri. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ilikwenda kasi kuliko ile ya zamani, namba moja ndani ya programu ikawa kubwa mno kwa nafasi ya biti 16 iliyotengewa, na roketi ikaangamia kabla dakika moja haijatimia. Chambua, na uandike ulichokikuta!

Wewe anza na orodha ya shehia. Shehia ikigawanywa, kila mfumo wenye orodha yake binafsi unabaki na jibu lake. Watafute na waliostaafu, uwaulize kwa heshima kwa nini waliandika walivyoandika. Na mkuu akishikilia kutupa, muombe muda wa kuusoma mfumo kabla seva haijazimwa. Ombi hilo liandikie barua, liingie kwenye jalada.