Siku ambayo sikuogopa

Mwanangu,

Salamu kutoka kihambani, shambani kwetu nyumbani. Mvua za vuli zimekata, na leo asubuhi mlima wetu Kilimanjaro ulifunguka wote, Kibo na Mawenzi, mama yako akaniita nitoke nje na kikombe changu cha chai.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umepangwa kwenye timu ya kusafirisha wagonjwa kwa ndege, na unaniuliza: "Baba, miaka yote ile ya mlima na ndege, ulikuwa huogopi? Na kama ulikuwa unaogopa, mbona uliendelea?"

Niliogopa, mama. Karibu kila mara. Ila kuna siku moja ambayo sikuogopa kabisa, na ndiyo iliyokaribia kunichukua.

Ilikuwa Januari 1986. Nilikuwa na miaka 29, daktari kijana aliyezaliwa miguuni pa mlima na kudhani kwamba mlima unamjua. Tulitoka Marangu watu wanne, tukalala Mandara, tukalala Horombo, siku ya tatu tukafika kibanda cha Kibo, mita 4,720. Mzee aliyetuongoza alitaka tukae Horombo siku moja zaidi, mwili uzoee. Nilikataa, kwa sababu Jumatatu nilikuwa na zamu wodini.

Saa sita usiku tukaanza kupanda ile changarawe. Kufika saa nane kichwa kilikuwa kinauma kama kimefungwa waya. Halafu, tukikaribia Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, maumivu yakaniachia na nikajaa furaha. Nilivua glovu maana niliona mikono ina joto. Niliwaambia wenzangu tungefika kilele cha Uhuru na kurudi kabla hakujapambazuka, na niliamini kila neno.

Yule mzee hakuwa na cheti chochote cha tiba. Akanimulika usoni, akasema, "Daktari, tembea hapa. Kisigino kiguse vidole." Hatua ya pili nikayumba, ya tatu nikaanguka, nikacheka. Yeye hakucheka. Alinishika mkanda wa suruali, akanigeuza, tukashuka. Wenzangu walinisimulia baadaye kwamba njia nzima nilimtukana, kwa Kichaga na kwa Kiswahili. Asubuhi, tukiwa karibu na Horombo, akili ikarudi. Nikaviona vidole vyangu, na hofu iliyotakiwa kuja usiku ikaja wakati ule, nikatetemeka hadi nikakaa chini.

Wewe ni daktari, unajua kilichotokea. Kule juu, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Ubongo ukikosa oksijeni unaweza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kushuka. Vidonge na sindano vinafuata nyuma. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Ningemwona mtu mwingine anavua glovu kwenye baridi ile, ningejua dakika ileile. Kwangu sikuona, maana kitu cha kuonea ndicho kilichokuwa kinaumwa.

Tangu hapo hofu ikawa kipimo changu. Nilipojifunza urubani ili niwafuate wagonjwa wa mbali, miaka kadhaa baadaye, sikusubiri iondoke. Ikija, nilihesabu: mafuta, uzito, joto la kiwanja, saa zilizobaki kabla ya giza. Isipokuja, nilimuuliza muuguzi wangu, "Unanionaje leo?"

Unakumbuka ulivyokuwa unasimulia shuleni habari za ng'ombe kiwanjani, kwamba baba anapita chini mara moja kuwafukuza ndipo atue? Hizo ndizo nilikuwa nawaletea nyumbani. Ya moran, kijana wa Kimaasai, wa Natron sikuwaletea. Nyati alikuwa amemtoboa kifua na hewa ilikuwa imejaa nje ya pafu. Hewa hiyo ukiipandisha mita 3,000 inatanuka karibu theluthi nzima, inaweza kumbana pafu na moyo. Tumbo langu lilikuwa limekaza kama ngumi. Nikamwekea bomba kifuani tukiwa chini bado, na badala ya kuvuka juu ya milima ya Monduli nikapita chini chini, Engaruka, Kitumbeine mkono wa kushoto, saa za joto kali, ndege ikipepetwa kama pumba kwenye ungo. Muuguzi alitapika mara mbili huku ameshika lile bomba. Kijana alipona.

Ila nisikuandikie ya kupona tu. Jioni moja ya masika niliitwa Loliondo kwa mama aliyekuwa na uchungu siku ya pili. Wingu lilikuwa limekalia vilima vyote. Nilizunguka, nikatafuta pengo, nikaogopa, nikarudi Arusha. Alfajiri nilifika. Mama alikuwa hai, mtoto hakuwa hai. Mume wake alinipa mkono na kunishukuru. Nimeishi na mkono ule. Sijawahi kujua kama ningepita, na wewe pia zipo siku ambazo hutajua.

Kwa nini niliendelea? Kwa sababu lori kutoka Loliondo wakati wa mvua lingeweza kukwama siku nzima, na ndege ilitumia chini ya saa moja. Wazo hili la madaktari wa kuruka kwa ndege lilizaliwa kwenye miteremko ya mlima wetu huu mwaka 1956, katika mazungumzo ya wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Shirika lao, AMREF, likaanza mwaka uliofuata. Niliona ni kazi ya nyumbani. Na pia nilipenda, mama, lazima niseme. Kutoboa wingu alfajiri na kuikuta Kibo imekaa peke yake kwenye jua, sijaona kitu kingine kama hicho. Nilipenda hata siku ambazo mama yako alikuwa hali chakula mpaka asikie nimetua, na kwa hilo nimemwomba radhi.

Niliacha urubani siku muuguzi yuleyule aliponiambia, "Daktari, umeniuliza swali hilo sasa hivi." Nikatua, nikamkabidhi mwenzangu funguo. Sikubishana naye.

Njoo Januari. Mtoto wa yule mzee anaongoza wageni siku hizi, nimeshaongea naye: mtakaa Horombo siku mbili. Mimi nitaishia Mandara, nitawasubiri na mtori. Daftari langu la safari za ndege limo kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda cha wageni. Ukurasa wa Loliondo nimeukunja pembe.

Baba yako