Re: Serikali inasaidia shule kufundisha watoto usalama wa mtandaoni?

Mdau umeuliza kama kuna msaada wa serikali au ni wazazi tu tujipange. Upo ila haukufuati mlangoni. TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, wana klabu za kidijitali mashuleni na ofisi yao ya kanda ya kaskazini iko hapa hapa Arusha, kwahiyo mwambie mwalimu mkuu aandike barua kwenye karatasi yenye nembo ya shule, akiomba klabu au hata mtu wa kuja kuongea na watoto siku moja, mzazi ukienda mwenyewe utaishia kupigwa kalenda. Pia uliza kama shule yenu ina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, nyingine lipo kwenye makaratasi tu 😅

Ila wakija wasiishie kwenye "msitumie simu vibaya", mtoto hapo haelewi kitu. Wa jirani yangu huku Sakina anacheza gemu kwa simu ya mama ake, jamaa hamjui akamwambia nakutumia daimondi (za kununulia vitu kwenye gemu) nipe namba tuhamie WhatsApp, usimwambie mama. Hayo ndo mambo ya kufundisha, hiyo "usimwambie mama" kila mtoto wa darasa la tatu aijue.

Na likishatokea usifute meseji kwa hasira, piga skrinishoti, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ipo. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.