Jibu: Daftari la kaka limechukuliwa kwenye upekuzi, nimpelekeeje jingine?

Habari dada, pole na misukosuko. Nimekuelewa hivi: kaka yako anatumikia kifungo kwenye kambi ya kilimo huku Moshi, anaandika hadithi, daftari limechukuliwa kwenye upekuzi, na sasa unataka kumpenyezea jingine kimyakimya. Usithubutu.

Kwanza uliza lilichukuliwa kwa nini: halikuandikishwa mapokezi, au ni yaliyomo? Mimi nimetumikia kambi ya aina hiyo. Daftari langu lilipita getini, likakaguliwa, likapigwa muhuri, na hakuna aliyeligusa tena. Waliokuwa wakinyang'anywa ni wale walioandika majina ya askari, zamu zao, au kuchora kambi ilivyokaa. Kwako ni hadithi, kwao ni mpango wa kutoroka. Mwambie abadilishe majina, kisa akihamishie kijijini. Peleka daftari la kawaida lisilo na waya, na kalamu ya bei rahisi.

Muda ndio mtihani wenyewe. Asubuhi mnahesabiwa, mnakwenda shamba. Jioni selo nzima ni kelele za bao na mahubiri. Nilikuwa natunga huku napalilia mahindi, narudiarudia sentensi kichwani mpaka Jumapili tusipokwenda kazini. Nyapara alidhani nimechanganyikiwa.

Akimaliza sura, aitume kwako kama barua. Maofisa wataisoma kabla haijatoka, hilo halikwepeki, ila ikishafika nyumbani iko salama. Aziwekee namba, maana hazifiki kwa mpangilio.