Muulize Sista: Mizani tutapata, je namba atazipokea nani?

SWALI: Sista, za kazi. Mi ni nesi kliniki ya moyo hospitali ya wilaya, tuna wagonjwa kama 40 wa moyo uliopanuka, wengi wanatoka vijiji vya mbali, tunawaruhusu leo baada ya wiki tatu haooo wamerudi miguu imevimba mpaka mapajani, kulala chali hawawezi. Sasa kuna mfadhili anataka kutununulia mizani, mashine za presha na programu ya kwenye simu tuwafuatilie wakiwa nyumbani. Programu ipi nzuri? – Nesi, Morogoro

JIBU: Mwenzangu hongera, ila we umeulizia programu, mi nakuuliza Jumapili saa kumi na moja alfajiri simu ya kliniki anayo nani? Hapo ndo pa kuanzia.

Wamarekani walishajaribu hii, majibu yakatoka 2010, wagonjwa 1,653, nusu wakaambiwa kila siku wapige simu kwenye mashine waseme wanajisikiaje na uzito wao. Baada ya siku 180 hakuna tofauti, waliolazwa tena ni walewale, waliofariki ni walewale, na asilimia 14 ya waliopewa huduma hawakupiga hata mara moja! Halafu 2018 Wajerumani wa hospitali ya Charité, Berlin, wakaleta majibu yao, wagonjwa zaidi ya 1,500, kila asubuhi uzito, presha, mapigo ya moyo na oksijeni, ila wenyewe upande wa pili waliweka madaktari na manesi saa 24, namba ikiharibika mgonjwa anapigiwa na dawa inabadilishwa. Kwa mwaka siku walizopoteza kwa kulazwa ghafla au kufa zilikuwa 17.8, wenzao wa kliniki ya kawaida 24.2, na vifo vilipungua. Mzani ni mzani tu, kilichowasaidia hawa ni yule mtu mwenye ruhusa ya kugusa dozi.

Kwa hiyo kabla ya vifaa kaa na dokta wenu aandike na kusaini: uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 nesi anafanya nini, Lasix (dawa ya kukojoza maji yanayobaki mwilini moyo ukichoka) inaongezwa kiasi gani na kwa siku ngapi, damu ya figo na potasiamu inapimwa lini, na mgonjwa wa namna gani anaambiwa panda gari uje leoleo. Hiyo karatasi isipokuwepo utakuwa unakusanya namba kwenye daftari basi. Kumbuka na wanaoshuka uzito pia, mtu kaharisha siku mbili bado anameza Lasix yake kama kawaida, anaamka kizunguzungu anaanguka chooni.

Lita moja ya maji ni kilo moja, na mtu anaweza kubeba lita mbili kabla hajaona kiatu kinabana, ndo maana tunang'ang'ania mzani. Apime asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, nguo zilezile, mzani uwe kwenye sakafu ngumu sio juu ya mkeka. Na siku anaruhusiwa, maji yakiwa yameshatoka, mpime kwenye mzani wake mwenyewe atakaoenda nao, sio wa wodini, mizani haifanani.

Na namba zitakudanganya. Nilikuwa na bibi mmoja alipanda kilo 9 usiku mmoja, nimepiga simu roho mkononi, kumbe mjukuu karukia mzani naye. Huyo ni rahisi. Aliyenitisha ni mzee aliyekuwa ananitumia 61, 61, 61 siku kumi na moja mfululizo, sisi tunafurahi mzee katulia. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi, hakutaka kutusumbua wala kugombezwa akawa anarudia ileile. Tulimpokea anapumulia mabega. Tangu hapo namba ikiganda siku nne napiga simu kama vile imepanda.

Anza na 10 waliotoka wodini juzijuzi, wiki za mwanzo ndo hatari. Programu usiisumbukie, simu yenyewe mara nyingi anayo mtoto na bando hana, mwambie mgonjwa abipu we umpigie. Mfadhili mwombe apunguze vifaa aongeze vocha na posho ya zamu ya wikendi, atakuna kichwa maana vocha haipigwi picha, lakini mkomalie.

SWALI: Shikamoo mama. Baba yupo nami Minnesota, ana moyo huohuo, hospitali imempa mzani unaotuma wenyewe, wanasisitiza apime angalau siku 16 kwa mwezi. Kwa nini 16? – Binti

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 16 haijatoka kwenye moyo wa baba, imetoka kwenye malipo. Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani ya wazee, ilipoanza kulipia huduma hii kwa namba mpya za kudai malipo 2019 ilitaka kifaa kiwe na vipimo vya siku 16 katika 30 ndo hospitali idai. Baba apime kila siku, maana kilo 2 zinaingia kwa siku 3 tu. Cheki pia bili, kawaida mgonjwa anabeba asilimia 20 kama hana bima ya kujazia. Na waulize kama nilivyomuuliza nesi wa Morogoro, usiku nani anaziona? Sehemu nyingi zinasomwa saa za kazi tu, kwa hiyo akikosa pumzi usiku msisubiri mzani, pigeni 911.

SWALI: Saa ya mkononi ya kisasa si inatosha? – Juma, Mombasa

JIBU: Mapigo itakuonyesha, maji haiyaoni. Nunua mzani Juma, chenji utabaki nayo.